Swali la Arobaini na Saba

Tokeni zimekatika saa nne na robo.
Muhonja amewasha tochi ya simu, akaisimamisha kikombeni,
mwanga ukafura darini kama maziwa yanayotaka kumwagika.
Nyalenda haijalala. Kandokando ya Auji vyura wanabishana,
na jirani anakaanga omena usiku huu, sijui anamkaangia nani.

"Arobaini na saba," asoma,
kwa ile sauti yake ya msimamizi wa mtihani.
"Umeingia zamu ya usiku, uko peke yako.
Wagonjwa wanne. Utamwona nani kwanza?

A. Kijana wa bodaboda, mkono umevunjika,
analia hadi wadi ya pili wanamsikia.
B. Mama aliyejifungua saa mbili zilizopita.
Mtulivu. Anasema anasikia baridi, anaomba maji.
C. Mzee wa presha, mia moja sitini kwa tisini na tano,
anataka kujua nani kachukua redio yake.
D. Msichana wa kisukari, amekula, amechomwa sindano,
anauliza ataruhusiwa lini."

Nikasema A. Nilisema kabla hajafika D.
Muhonja hakunijibu. Akatafuna kifuniko cha kalamu,
na mimi namjua: akitafuna, nimekosa.

"Anayelia," akasema mwishowe, "ana pumzi ya kulilia.
Umejibu kwa sikio.
Kimya kingi kina nini?"
Aliuliza kama mwalimu wa darasa la tano,
akingoja nimalizie.
Sikumalizia.

Nilikuwa na miaka tisa, upande wa Chemelil.
Miwa ilikuwa imechomwa, masizi yanatua juu ya kila kitu,
juu ya dirisha la zahanati, juu ya nywele zangu.
Februari, mchana, lami inanata kwenye kandambili,
na mama mdogo Apondi akasema: nasikia baridi.
Alisema kwa adabu, kama mgeni anayeomba chumvi.
Muuguzi alikuwa mmoja, na mikono yake miwili
ilikuwa kwenye mguu wa mkata miwa aliyejikata kwa panga,
naye alikuwa akipiga mayowe, nani angemlaumu?
Nikatumwa shuka. Nikakimbia.
Nikamfunika vizuri, nikamchomeka hadi kidevuni
kama alivyonifundisha kutandika kitanda.
Akanishukuru.
Akaniuliza kama nimekula.

Miaka kumi na minne nimekuwa nikijisifu moyoni
kwamba angalau nilimletea shuka.
Usiku huu, kwenye sakafu ya saruji, katikati ya A na B,
nimeelewa nilichokifunika.

"B," nikasema.
"Kwa nini B?"
Kwa sababu baridi ile si ya hewa.
Funua. Tazama pedi, tazama godoro chini ya kiuno.
Shika mkono, hesabu mapigo, usiulize 'unaendeleaje',
atakwambia vyema, wote husema vyema.
Tafuta mji wa mimba, ukiwa laini kama unga uliolowa
usugue mpaka ukaze kama ngumi.
Dawa ya kukaza, dripu, mkojo utoke.
Ita msaada.

"Na ukiita, asiitike mtu?"
Muhonja ameshafanya zamu za Vihiga, anauliza anachokijua.
Nikageuza ukurasa, nikaukagua na wa nyuma.
Kitabu kimeandika Ita msaada, kikaweka nukta.
Hakuna E.
"Basi unaita huku unasugua," akajijibu mwenyewe.
"Mkono hautoki. Unaita kwa mdomo, mkono hautoki.
Kijana wa bodaboda atakutukana. Mwache akutukane."

Simu ina asilimia nane.
Muhonja amepiga mwayo, amejilaza ubavu,
amevuta leso yake mpaka kidevuni, joto lote hili.
Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikamfunua.
"Wewe!" akacheka, akaivuta tena. "Mimi nina usingizi tu!"
Lakini kiganja chake alikiacha mkononi mwangu,
na mimi, bila saa, nikawa nahesabu.

Sabini na mbili.
Haya. Arobaini na nane.